Mistari Mitatu kwenye Gari la Mzee Jairo

Jumatatu, 3 Machi

Kabla sijaandika kingine chochote, ijulikane: kuanzia Uyole hadi mpakani Kasumulu hakuna mkono unaong'arisha gari kama mkono wa Ackson, yaani mimi. Boneti niliyoipitia mimi, kunguru anatua akidhani bwawa. Mchungaji mmoja aliinama kwenye mlango niliousugua, akauona uso wake vizuri mno, akatubu palepale. Watu wanapanda mlima kutwa nzima kwenda kutazama Ziwa Ngozi linavyong'aa. Wangepita gereji kwetu hapa Tukuyu wangeokoa magoti yao.

Daftari hili ni la Biolojia, Form Two, ndiko nilikoishia. Kurasa za mbele kuna chura aliyepasuliwa. Fundi Kheri, bosi wangu, kasema mtu mwenye sifa nyingi aziandike, masika ikiisha azisome mwenyewe aone kama bado anazitaka. Haya, Fundi. Naandika.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Fundi amefunga Ramadhani. Nimekula ndizi ya kuchoma nikiwa nimempa mgongo, kwa adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kaja Mzee Jairo, jirani yetu sisi na Bibi kule Mpuguso. Zamani alikuwa karani wa mashamba ya chai na mpaka leo anatembea kama anahesabu watu. Kaja na gari lake dogo la rangi ya damu ya mzee, ambalo mwaka mzima lilikuwa chini ya turubai nyumbani kwake. Ubavu wa kushoto, kuanzia mlango wa nyuma mpaka karibu na taa, kuna mikwaruzo mitatu mirefu, inakwenda pamoja kama mistari ya daftari.

"Shikamoo mzee. Chui wa wapi huyo?"

Hakucheka. "Marahaba. Ondoa."

"Ni miti au mtu?"

"Nimesema ondoa, kijana. Sikusema uliza."

Nikapitisha ukucha, ukanasa. Fundi akapitisha wake, akatikisa kichwa. "Hii imevuka klia, imefika kwenye rangi." Klia ni ile ngozi ya juu kabisa ya gari, haina rangi, inang'aa tu. Mkwaruzo ulioishia kwenye klia ni mtoto mdogo: unalowesha msasa wa maji, unauzungushia kipande cha kandambili, unasugua mpaka pawe sawa, unapiga kompaundi, unapiga polishi, unaenda kula. Uliofika kwenye rangi lazima kwanza uujaze, rangi kwa kijiti, klia juu yake, ukae ukauke siku kadhaa, ndipo uuguse.

"Jaza, subiri, sugua, ng'arisha," Fundi anaimba kila siku kama mwalimu wa chekechea. "Na macho kwenye maji, Ackson. Yakitoka meupe kama maziwa, unakula klia, endelea. Yakianza kuwa mekundu, umeingia kwenye nyama. Acha hapohapo."

Yeye ana lori la ndizi la kupiga rangi. Kaniambia, "Hili lako."

Langu! Fundi amezeeka lakini macho bado yanaona vipaji.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imekwisha na ni noma. Siri (daftari, funga mdomo): kwa mvua hii klia ingekauka lini, Pasaka? Nimesugua juujuu, nikayeyusha nta ya mshumaa na dawa nyekundu ya viatu, nikasindilia kwenye mistari, nikafuta, nikapiga polishi. Imepotea kabisa. Fundi alikuwa msikitini.

Mzee Jairo kapitisha kiganja pale, kakirudisha, kakipitisha tena. Midomo inacheza. Nilidhani anatafuta kasoro apunguze bei. Kumbe anasema "Ndaga, ndaga," yaani asante ya kwetu, lakini haniambii mimi. Analiambia gari.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa kutwa. Bati la gereji linavuja juu ya kichwa changu tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika, nimemkuta Mzee Jairo amesimama kwenye matope, hata mwavuli hakufungua.

"Imerudi," kasema.

Mistari mitatu ilikuwa palepale, imechimbika vilevile, inachuruzika maji. Mimi najua kwa nini. Mvua na nta, nani asijue? Lakini ulimi wangu mtamu: "Mzee, gari lililokaa sana, rangi yake hupumua. Wakati wa mvua hutoa yaliyomo."

Kanitazama muda mrefu. "Hutoa yaliyomo," kasema.

Niliona nimesema kitu cha akili sana. Nimejichekea njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Leo sicheki.

Nilikuwa namtania Bibi jikoni, namwambia jirani yake ana gari linalopumua. Kaweka mwiko chini.

"Gwe Ackson. Ile gali mwachie mwenyewe."

"Bibi, ni kazi."

"Unajua nani alikwaluza?"

Naandika alivyosimulia. Mzee Jairo ana mwana mmoja, Emmanuel, yupo machimboni Chunya. Mkewe Emmanuel ni Mama Neema, jina lake Atuganile, anakaa hapo chini kwenye migomba, huja kwetu kuomba moto. Kwenye ukoo ule bado wanashika mila: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso. Mzee akija njiani, binti anajificha. Hamsemeshi, hamtaji jina, na mzee naye anageuka pembeni. Bibi anasema wengi siku hizi wameacha, wanapeana mikono hata kanisani. Jairo hajaacha. Na Mama Neema alilelewa asiache.

Masika iliyopita, asubuhi moja ukungu umeshika, mtoto Neema akapata degedege. Mama yake akamfunga mgongoni, akatoka mbio, akasikia gari la mkwe wake linaondoka. Gari pekee pale. Sasa afanyeje? Kusimama mbele yake hawezi. Kuita hawezi. Akajifunika kanga usoni, akaja kwa nyuma, akapiga ubavu wa gari kwa mkono. "Alijua kugonga siyo kusema," Bibi alisema. Gari likawa linatembea, yeye bado anagonga, bangili yake ikaburuta.

"Na mzee hakusikia?"

"Alisikia. Alitazama kwenye kioo, akaona kanga, akamjua. Akageusa uso. Akakanyaga mafuta, amwondolee aibu. Hiyo ndiyo heshima, mwana."

Walipata bodaboda baadaye. Mtoto alifia njiani kabla ya kufika hospitali ya Igogwe.

Nikauliza, "Tangu hapo hawasemezani?"

"Hawakuwahi kusemezana. Ndiyo ubaya wake. Sasa nani atajua kama ni heshima au ni kinyongo? Hata wenyewe hawajui."

Uji umeungua. Hakuna aliyelalamika.

Jumanne, 18 Machi

Mzee kaleta gari tena. Nimejaza nta, safari hii nene zaidi. Ningefanya kazi ya kweli, lakini alikaa palepale kwenye tairi akinitazama, hataki kuliacha. Au nasingizia. Sijui.

Ijumaa, 21 Machi

Mama Neema kaja kuomba moto. Watu wote bado wanamwita hivyo, Mama Neema, na yeye anaitika. Ametoa mkono kupokea kaa, nikaiona bangili. Ya shaba, imepinda, ina meno matatu upande mmoja. Ndani ya meno kuna rangi nyekundu.

Ile rangi naijua. Ipo chini ya kucha zangu.

"Mbona unanitazama, mdogo wangu? Nina pembe?"

"Hapana dada. Naangalia moto usikuunguze."

"Leo umekosa maneno? Kesho itanyesha mawe."

Jumatatu, 24 Machi

Haikunyesha mawe. Imenyesha mvua. Imerudi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau kwa Fundi. Nimekula sahani tatu kisha nikaona nimezikwaruza kwa kijiko, mistari mistari. Nikaacha ya nne.

Alhamisi, 3 Aprili

Nta tena. Mara ya tatu. Mzee hasemi tena "ondoa". Ananiletea gari kama mtu anayempeleka mgonjwa.

Nimemwambia Fundi ni vumbi la msasa tu, linajitokeza. Fundi kaniangalia kama anavyoangalia puti ya kuziba mashimo iliyochanganywa vibaya.

Jumatano, 9 Aprili

Hii naiandika mkono ukiwa mzito.

Siku tano hizi hapajanyesha. Jua kabisa, watu wameanika mahindi. Na leo Mzee Jairo kaja, kasema asubuhi kafungua turubai, mistari ipo.

Labda ukungu. Ukungu nao ni maji. Labda turubai limetoa jasho, labda jua limeyeyusha nta. Zipo sababu, mimi siyo mjinga. Lakini nilipoinama niliona mstari wa chini umeenda mbele kidogo kuliko nilivyoukumbuka, na moyo ukanidunda kama mtu anapiga bati kwa kiganja. Nikageuka. Hakuna mtu. Fundi alikuwa ndani anapiga msasa lori.

Mzee kasema polepole, "Unasikia na wewe?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Mimi nasikia kila siku. Nilidhani nikifuta atanyamaza."

Jumatatu, 14 Aprili

Leo kazungumza. Kakaa kwenye tairi lake lilelile, mikono kwenye magoti.

"Ackson, mjukuu wangu hagongi bure. Nimemfuta mara tatu, karudi mara tatu. Hataki kufutwa. Anataka nifungue."

Nikawa kimya. Kwa mara ya kwanza maishani.

"Jumapili baada ya Pasaka, tukitoka kanisani, nitakwenda kwa yule mama na gari hili. Nitasimama mlangoni kwake. Nitamsemesha mimi kwanza, jina lake nitalitaja, mbele ya watu. Baba mkwe akitangulia kusema, mila imefunguka, yeye hana kosa. Aione alama hii, ajue sikuificha. Kisha anitukane akitaka. Mwaka mzima namsubiri anitukane."

"Sawa mzee."

"Nitaleta gari Jumanne ya wiki ijayo. Breki zimechoka, zibadilishwe, nisije nikapitiliza mlango wake. Lioshwe. Ubavu ule usiuguse."

Kamtuma Bibi apeleke ujumbe, maana bila mtu wa kati haiwezekani. Bibi karudi macho mekundu. Nikauliza Mama Neema kasemaje.

"Hajasema. Kachukua ufagio, kaansa kufagia."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Neema kaimba. Bibi ananiambia hajamsikia akiimba tangu msiba. Alifika kwetu mchana kuazima sufuria kubwa, kwa ajili ya Jumapili ijayo.

"Na wewe utakuja kula, fundi mkubwa," kanitania. "Ulete mdomo, na usifanye makelele."

Nikacheka. Moyoni nikasema: nta yangu imefanya kazi kuliko mahubiri. Nilijisifu, naandika ukweli. Nilidhani nimeweka mambo sawa kwa mbali, kama mganga.

Jumanne, 22 Aprili

Mzee kaacha gari. Fundi kabadilisha breki, kisha kaenda ubavuni, kapitisha ukucha, kanusa kidole chake.

"Ackson. Hii ni dawa ya viatu."

Ningekana, lakini kwa Fundi ni kupoteza mate. Nikamweleza yote, na mtoto, na Jumapili. Fundi alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Umemfanya mzee wa watu aamini nta ni roho ya mjukuu wake."

"Lakini Fundi, si anakwenda kwa jambo jema?"

"Jema lina miguu yake. Usilibebe kwa uongo, utaliangusha. Mwambie kabla ya Jumapili. Akienda, aende anajua."

Kumwambia. Nianzie wapi? "Shikamoo mzee, yule aliyekuwa akigonga ni mshumaa"?

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepata njia bora kuliko kusema.

Nitafanya kazi ya kweli. Jana nilichimba nta yote kwa mswaki na sabuni, nikajaza rangi kwa kijiti cha kiberiti, tone kwa tone, leo klia juu yake. Nimewasha jiko la mkaa karibu ikauke. Jumapili mzee afike mlangoni na gari safi, Mama Neema asilazimike kuitazama ile mistari tena. Nani anapenda kuona jambo kama lile? Nitakuwa nimelipa deni langu na hakuna atakayejua lilikuwepo.

Fundi yupo Mbeya kununua rangi. Angekuwepo ningemwonyesha.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mji umefungwa, mimi peke yangu na ndoo.

Nimeloweka msasa mpaka ukalainika kama jani la mgomba mchanga. Nimesugua kwa kwenda mbele tu, mkono mwepesi, maji yanatiririka. Meupe. Meupe. Nikifuta naangalia, bado vilima vidogo, nasugua tena. Nikabadilisha msasa laini zaidi. Sikusikia tumbo, sikusikia baridi. Mara maji yakashuka na uzi mwekundu, mwembamba kama unywele. Nikaacha hapohapo, mkono hewani, kama nimeguswa bega.

Kompaundi. Flana. Polishi.

Hakuna kitu. Nimepitisha ukucha, haunasi. Nimeinama upande, hakuna kivuli. Uso wangu upo pale mzima, na mara ya kwanza sikuupenda sana, ila kazi ilikuwa safi. Kazi bora niliyowahi kufanya. Siyo sifa hii.

Nimeliacha gari nje makusudi, linyeshewe. Mvua ije ijaribu.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ilikuja, na nusu ya mlima ikashuka nayo.

Mzee Jairo alifika asubuhi, suti nyeusi, viatu vinang'aa, shuka jipya limekunjwa kwapani, zawadi. Alizunguka gari mpaka ubavu wa kushoto. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapitisha kiganja kutoka mlangoni mpaka kwenye taa.

"Haipo," kasema. "Na mvua yote hii."

Nilikuwa tayari kutabasamu.

Akakaa chini kwenye tairi na suti yake. Akalia. Kilio cha mzee hakina sauti, kina mabega tu. "Ameridhika. Aliona nimekubali kwenda, imetosha. Ameniachia. Kyala, Mungu wangu, ameniachia."

"Mzee..."

"Usiseme kitu, mwanangu. Usiharibu."

"Sasa, mzee, kwa Mama Neema? Si wanakusubiri?"

Akanitazama na uso mwepesi, uso wa mtu aliyetua mzigo. "Aliyekuwa akigonga ameondoka. Nikienda sasa nitakuwa namvunjia heshima yule mama bure. Mila ibaki mahali pake."

Akaweka shuka kwenye kiti cha nyuma, akawasha gari. Breki mpya hazikulia hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa. Nilikishika tu.

Kisha nilikwenda kwa Mama Neema, kwa sababu nilikuwa nimealikwa. Ua limefagiwa mpaka udongo umeng'aa. Sufuria la Bibi limejaa ndizi na nyama ya kuku. Kiti kimoja kimewekwa nje, chenye mikono, kina kitambaa. Yeye kakaa nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, kama inavyotakiwa, kanga kichwani. Bibi na majirani wanatazama njia.

Mchana tulisikia gari. Lilitoka kanisani, likaja, likafika usawa wa migomba. Nikamwona Mama Neema anasimama. Gari likapita. Mzee alikuwa amegeuza uso upande wa pili, kwa heshima.

Hakuna aliyekula. Ukungu ulipoanza kupanda alitoka mwenyewe, akaingiza kile kiti ndani.

Jumatatu, 28 Aprili

Fundi karudi. Kaangalia ubavu kwenye picha ya simu yangu. "Kazi nzuri sana," kasema, akanirudishia simu. "Nilikwambia useme. Sikukwambia usugue."

Alhamisi, 1 Mei

Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Mama Neema amerudi kwao, Masukulu. Hakugombana na mtu. Alirudisha sufuria la Bibi likiwa limesuguliwa mpaka linang'aa.

Njiani alipita gereji, furushi kichwani. Gari la Mzee Jairo lilikuwa nje, kalileta kuoshwa, mwenyewe yupo sokoni. Siku hizi analitembeza kila mahali. Mama Neema akalisogelea. Akaweka mkono wenye bangili pale pale, kwenye mlango wa nyuma, akauburuta taratibu mpaka kwenye taa, kwa kiganja, bangili ameishikilia juu isiguse.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Alikutuma?"

Nikatikisa kichwa. Sijui alielewaje.

"Kazi nzuri, mdogo wangu," kasema. "Hata mimi sipaoni."

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimekatika. Nimesoma daftari tangu mwanzo kama Fundi alivyosema. Zile sifa bado ni za kweli, hiyo ndiyo shida. Mzee Jairo ananisifu kila baraza, watu wanaleta magari kutoka Kiwira. Nikiwa nasugua bado nasikia kiganja kwenye bati. Nageuka. Hakuna mtu.

Nta haikuwa kosa kubwa. Hata kusugua nilikokatazwa siyo kosa lenyewe. Kosa ni asubuhi ile ya Jumapili. Mzee amekaa kwenye tairi na suti yake, shuka kwapani, mlango wa Mama Neema uko wazi nusu, na mimi nimesimama karibu kabisa, nina maneno mawili tu ya kusema ili aende: nimefuta mimi.

Akaniambia usiseme kitu. Nami, kwa mara ya pili maishani, nikanyamaza.